Mboga Isiyopandwa ni ya Nani?



Katika toleo hili tumeona tuyaweke kando kidogo masuala ya viza na kodi za nyumba, mambo ambayo yametujaa vichwani mwaka mzima, tuzungumzie mboga. Msicheke. Ndani ya suala la mboga kuna swali la haki, na swali hilo limeshawagawa baadhi yetu hapa Westmead na vitongoji jirani, hata mama na binti yake wakanuniana kwa sababu ya fungu la mnavu.

Kila mwaka, mvua za Januari zikishanyesha, kando ya kijito cha Toongabbie, kwenye nyua za reli na nyuma ya majengo ya maghorofa, huota majani ambayo wengi wetu tunayajua tangu utotoni. Kuna mchicha wa kujiotea, kuna mnavu, kuna kishona nguo, na kuna yale majani manene yanayotambaa kwenye nyufa za lami, ambayo jirani zetu Walebanoni wa Merrylands huyatia kwenye saladi. Na kila mwaka baadhi ya wazee wetu, hasa akina bibi walioletwa na watoto wao kuja kulea wajukuu, hutoka asubuhi na mfuko wakaenda kuchuma. Vijana wanaona haya. "Bibi, watu wanatuangalia," mjukuu husema, tena kwa Kiingereza. Binti mtu mzima naye anaogopa: je, hapa pamepigwa dawa? Je, ni mnavu kweli? Mwingine anauliza: tuna haki gani ya kuchuma katika ardhi ya watu? Na bibi hujibu kwa neno moja ambalo kwao ndilo sheria nzima: hii haikupandwa na mtu.

Basi hebu tulitafakari neno hilo. Mboga isiyopandwa ni ya nani?

Tuanze na haya ya mjukuu, kwa kuwa hakuianzisha yeye, aliirithi kwetu. Sisi wenyewe tulikua tukizigawa mboga kwa madaraja. Kabichi ilikuwa mboga ya mgeni. Mchicha wa kulimwa ulikuwa mboga ya siku za kawaida. Mgagani, mnavu, mlenda, mchunga na kishona nguo zilikuwa mboga za mwisho wa mwezi, mboga za wasiokuwa nacho. Na bado kila kabila lilikuwa na jina lake la heshima kwa mimea hiyo. Mgagani Wajaluo huuita dek, Wakisii chinsaga, Wakalenjin saget. Mnavu ni osuga kwa Wajaluo, rinagu kwa Wakisii, managu kwa Wakikuyu. Mlenda ni murere kwa Waluhya na apoth kwa Wajaluo. Mtu hatoi jina kwa kitu anachokidharau. Dharau ilikuja baadaye, pamoja na mashamba ya mistari iliyonyooka na mabwana shamba waliofundisha kuwa chochote kilichoota nje ya mstari ni gugu. Ukichunguza utaona kwamba gugu si jina la mmea wowote. Ni hukumu. Mmea mmoja huwa gugu kwa mwenye mahindi, na huwa kitoweo kwa mwenye sufuria.

Kuna watu waliofanya kazi kubwa kuibatilisha hukumu hiyo. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula ya asili ya nchi hiyo. Mwaka 2002 Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs wakatoa cha Tanzania, juu ya mimea ya mwitu inayoliwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za asili za Kiafrika, mbegu zake, upishi wake na lishe yake, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah kwa wanawake. Leo hii managu na saga huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zikiwa zimefungwa vizuri, kwa wateja walewale ambao zamani wangezificha mgeni akibisha hodi.

Na lishe yenyewe haina ubishi. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha huwa na kalisi ya takriban miligramu 215, wakati kabichi ina 40 hivi. Madini ya chuma ni zaidi ya miligramu 2 kwa mchicha, na nusu miligramu kwa kabichi. Vitamini A ndiyo usiseme: kabichi karibu haina kitu. Mgagani na mnavu nao wamo katika daraja hilohilo la juu. Ubuyu, tunda la mti ambao hakuna aliyeupanda, una vitamini C nyingi mara kadhaa kuliko chungwa, na mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliuruhusu rasmi unga wake kuuzwa kama chakula. Tena upishi wa mama zetu ulikuwa na akili yake. Tui la nazi na karanga vilivyotiwa katika mboga si utamu tu, kwani vitamini A ya majani humezwa vizuri na mwili pakiwa na mafuta. Kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza ya mnavu hupunguza uchungu, na katika mchicha hupunguza ile chumvi inayoizuia kalisi isifike mwilini na inayowasumbua wenye vijiwe vya figo. Ndimu iliyokamuliwa juu husaidia chuma kumezwa. Chai ya rangi inayofuata mara baada ya chakula hukizuia, na hapo mama zetu walikosea, nasi tunaendelea kukosea pamoja nao kila siku.

Lakini hapa ndipo swali la kwanza la kimaadili linapotukabili. Je, ni haki kwamba bibi aheshimiwe tu baada ya maabara kumgongea muhuri? Alipotuambia kuwa mgagani humrudishia nguvu mzazi, tulimwona mshamba. Profesa alipoandika kuhusu chuma na kalisi, tukatikisa vichwa. Aliyebadilika ni msemaji, maneno ni yaleyale. Tukimsifu bibi kwa sababu tu vipimo vimemkubali, basi siku vipimo vitakapomkataa katika jambo moja tutamdharau katika yote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema uupime mbacha kwanza ndipo usiuache.

Kuna jambo zito zaidi kwa sisi tunaoishi huku. Mzee anayeletwa Sydney akiwa na miaka sitini na kitu hunyang'anywa, bila mtu yeyote kukusudia, karibu kila kitu kilichomfanya awe mtu mzima. Lugha hana. Njia hajui. Simu anashikiwa na mjukuu. Daktari akimwuliza swali, anayejibu ni binti. Kwao alikuwa akiulizwa, huku anasemewa. Pale kando ya kijito, katika nusu saa ile ya kuchuma, ndipo mahali pekee katika mji huu wote ambapo yeye anajua na sisi hatujui. Anatenganisha jani na jani kwa kidole, ananusa, anaonja ncha, anasema hili limekomaa, hili liache, lile lina jamaa yake mbaya. Tunapomwambia arudi nyumbani kwa sababu watu wanatuangalia, tunamwondolea daraja la mwisho alilobaki nalo. Kwa hiyo jambo hili si la mboga peke yake.

Waama, kumheshimu si kukubali kila anachochuma. Nchi hii ina kisa chake kinachofaa sana kutufundisha, na tunashangaa kwamba wengi wetu hatukijui. Mwaka 1861 wapelelezi wawili maarufu, Robert O'Hara Burke na William John Wills, walikwama katika kijito cha Cooper, katikati ya bara hili, wakirudi kutoka pwani ya kaskazini. Chakula kiliwaishia. Wenyeji wa pale, Wayandruwandha, walikuwa wakila unga wa mmea mdogo wa majini uitwao nardoo. Wapelelezi wakaona wanakula, nao wakaokota, wakasaga, wakala. Walikula kwa wingi na bado wakazidi kudhoofika, miguu ikakataa kuwabeba, hatimaye wakafa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba nardoo ina kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na kwamba wenyeji walikuwa na namna yao ya kuchoma, kusaga na kulowesha inayokiondoa kitu hicho. Wageni walichukua mmea wakaacha mafunzo. Burke aliwatilia shaka wenyeji, akafikia hata kufyatua silaha ili kuwatisha. Mwenzao wa tatu, John King, aliwaendea Wayandruwandha akakaa kwao kama mgeni, wakamlisha, na Septemba mwaka huohuo akapatikana akiwa hai.

Watu wa pwani yetu wangekielewa kisa hiki mara moja, maana wanaijua ndiga. Ndiga ni kiazi kikuu cha mwitu chenye sumu, na katika miaka ya njaa kimewaokoa wengi. Lakini kabla ya kuliwa hukatwa vipande vyembamba, kikaloweshwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa au yanayotiririka, ndipo kikapikwa. Anayeruka hatua moja analipa. Hivyo tunaweza kusema kwamba chakula cha mwitu hakikamiliki kwa mmea peke yake. Ni mmea pamoja na watu wanaoujua. Ukiwatenga, kinachobaki mkononi ni jani tu, na huenda likawa sumu.

Sasa, bibi yetu hapa Westmead yuko upande gani wa kisa hiki? Kwao alikuwa Myandruwandha. Huku, bila kupenda, amekuwa kama Burke: anaona jani linalofanana na la kwao. Mnavu wa kando ya kijito pengine ni mnavu kweli, maana huo nao ni mhamiaji, uliletwa bara hili pamoja na watu. Waaustralia wengi huuogopa kwa kuuchanganya na jamaa yake wa Ulaya mwenye sumu kali, na katika hilo bibi anajua zaidi yao. Lakini wapo pia wasiokuwa jamaa zake ambao hawajui kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2012, mjini Canberra, watu wawili walikufa baada ya kula uyoga wa sumu uliopikwa na mtu aliyezoea uyoga wa kwao Asia unaofanana nao. Mpishi huyo hakuwa mjinga. Alikuwa mjuzi aliyevuka bahari, na ujuzi wake ukavuka naye bila kubadilika, wakati udongo ulikuwa umebadilika.

Udongo wenyewe nao una mambo yake. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Australia mwaka 2002, lakini risasi iliyotoka kwenye magari kwa miongo mingi haikuondoka na petroli, imebaki katika udongo wa kando ya barabara kuu kama Great Western Highway inayopita hapa kwetu. Mboga za majani hushika vumbi hilo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Halmashauri nazo hupiga dawa za kuua magugu katika nyua na vijia. Haya bibi hawezi kuyajua kwa kunusa. Kwa hiyo binti anayeogopa hana makosa, ila makosa huja pale hofu yake inapotoka kwa sauti ya kukemea badala ya kueleza. "Mama, hapa pamepigwa dawa, twende kule juu mbali na barabara," ni sentensi fupi, nayo inamwacha mama na daraja lake.

Tungependa kila nyumba ijue pia kwamba kituo cha habari za sumu cha jimbo hili kiko hapahapa Westmead, katika hospitali ya watoto, na namba yake ni 13 11 26, usiku na mchana. Aliyekula jani asilolijua, hasa mtoto, asingojee dalili. Na wale wanaotumia warfarin ya kuzuia damu kuganda wasianze ghafla kula mboga za majani kwa wingi wala kuziacha ghafla bila kumwambia daktari, kwa sababu vitamini K iliyomo hugombana na dawa hiyo.

Tumefika sasa kwenye neno lenyewe la bibi: haikupandwa na mtu. Kwetu, pwani na bara, neno hili lina uzito. Mazao ya shamba ni ya mwenye shamba, lakini mchicha uliojiotea kati ya mahindi yake jirani anaweza kuuchuma, mradi apige hodi na asikanyage miche. Ni sadaka isiyotangazwa. Mjane na mpita njia waliishi kwayo. Sheria hii ni nzuri, tunaipenda, tungetamani ulimwengu wote uishi hivyo.

Lakini tazameni inavyogeuka ikitiwa mikononi mwa mwenye nguvu. Mahali hapa tunapoishi palikuwa pa Wadarug, na ukoo wa hapa ulikuwa Burramattagal, ndio waliouachia mji wa Parramatta jina lake, mahali pa mikunga. Hata jina Westmead lina maana ya uwanda wa majani wa upande wa magharibi, yaani majani ya shamba la gavana. Waingereza walipofika mwaka 1788 hawakuona mistari ya mahindi, hawakuona nyua, wakahitimisha kwamba hapakulimwa na kwa hiyo hapakuwa na mwenyewe. Mwaka 1794 walowezi walianza kupewa mashamba kando ya mto Hawkesbury, ambao Wadarug huuita Dyarubbin. Kingo zile ndizo zilizokuwa zikiota viazi vya mwitu walivyovitegemea Wadarug msimu hadi msimu. Viling'olewa, yakapandwa mahindi. Wenye viazi walipokuja kuchuma mahindi yaliyoota mahali pa viazi vyao, wakaitwa wezi. Mwaka 1795 wakapelekewa askari, na watu wakauawa. Ilichukua hadi tarehe 3 Juni 1992, katika kesi ya Mabo, kwa mahakama kuu ya nchi hii kukiri kwamba ardhi haikuwa tupu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali na kwetu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, matunda, asali na uwindaji, wameambiwa mara nyingi kwamba hawatumii ardhi yao, kwa kuwa hawalimi. Mwaka 2011 baadhi yao walipata hati ya kimila ya ardhi ya pamoja, na ilikuwa habari kubwa kwa sababu ilikubali kwamba kuchuma nako ni kutumia, kama kulima.

Kwa hiyo neno la bibi na neno la gavana yanafanana kwa sauti: hakupandwa, hakuna mwenyewe. Tofauti iko wapi? Tumejadiliana sana juu ya hili, na tunaona tofauti iko katika mambo matatu. Bibi anachukua jani, anauacha mmea. Gavana alichukua mahali penyewe. Bibi anachukua cha sufuria moja. Gavana alichukua cha vizazi. Na bibi, kama yuko kwao, hupiga hodi. Hilo la tatu ndilo tulilolisahau sisi wahamiaji. Tumezoea kujiona kuwa tumekuja mikono mitupu katika nchi ya wenye nguvu, kwamba sisi ni wanyonge na mnyonge hana deni. Lakini tumeingia katika nyumba ambayo mwenyewe wa kwanza bado yupo, na aliyetufungulia mlango si yeye.

Hodi hiyo tutaipigaje? Kwanza kwa kubagua. Kishona nguo, ambacho wakulima wa hapa kwa kejeli hukiita rafiki wa mkulima, asili yake ni Marekani ya kitropiki, kama muhogo na mahindi. Kilifika kwetu kama mgeni, tukakifanya mboga ya asili, na kimefika huku vilevile. Mnavu nao ni mgeni. Kuvichuma hivi katika ua wako au kwa jirani aliyekuruhusu hakumdhulumu mtu, na kwa maoni ya halmashauri ni kusaidia usafi. Lakini mimea ya asili ya nchi hii si yetu kuing'oa, na katika hifadhi za taifa sheria ya jimbo inakataza kuchuma mmea. Anayetaka kuijua aende akajifunze kwa wenyewe. Katika Royal Botanic Garden mjini Sydney ipo bustani iitwayo Cadi Jam Ora, inayoonyesha mimea ya wenyeji na matumizi yake. Huko kuna ule mchicha wa pwani uitwao warrigal, ambao mabaharia wa Cook waliula kujikinga na kiseyeye, na Joseph Banks akachukua mbegu zake hadi Uingereza. Huo nao hutokoswa na maji yake kumwagwa kabla ya kuliwa. Bibi akiuona na akielezwa hivyo atacheka, kwa kuwa atakuwa amekutana na bibi mwenzake.

Pili, kwa kujizuia. Kitulo, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, watu wengi hupaita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Huko kuna maua ya okidi ambayo mizizi yake huliwa. Wenyeji walikichimba kidogo, kwa kiasi chao. Kisha soko la Zambia, ambako mizizi hiyo husagwa na karanga ikawa chikanda, likaanza kununua kwa magunia. Ukichimba kiazi cha okidi umeua mmea, haurudi kama mchicha. Hatari hiyo ilikuwa moja ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005. Hatuoni kwamba kuuza ni dhambi. Tunaona tu kwamba ile sheria ya bibi, chuma cha sufuria moja, ilikuwa ndiyo ulinzi wa mmea, na siku sufuria ilipogeuka gunia ulinzi uliondoka bila mtu kuuona ukiondoka. Tunasema haya kwa sababu tumesikia kwamba baadhi yetu wameanza kuuza mafungu ya mnavu wa kijitoni katika sherehe zetu. Anayelima wake auze, tutamwunga mkono. Anayechuma pasipo na mwenyewe akauzia watoto wa wenzake jani ambalo udongo wake haujui, huyo ajiulize tena.

Na mbegu je? Wengi hutamani kurudi likizo na vibahasha vya mgagani katika sanduku. Tunajua kishawishi hicho. Lakini nchi hii inalinda mashamba yake kwa ukali, na kadi ya abiria inauliza waziwazi. Itajeni mbegu yenu, waitazame, wakiikataa basi. Tumekwisha kuona magugu mangapi yaliyokuja kwa mfuko wa mtu mwenye nia njema? Bahati nzuri mchicha wa kulimwa, majani ya mlonge na mengine yanapatikana katika maduka ya Wahindi wa Wentworthville na Harris Park, na mbegu za mchicha huuzwa hapahapa kihalali.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mboga isiyopandwa ni ya nani? Jibu letu ni kwamba haina mwenye kuimiliki, lakini ina wenye kuijua, na hao ndio wenye neno la kwanza juu yake. Kwetu ni bibi. Hapa ni Wadarug. Anayetaka kuila ana deni kwao wote wawili, na deni hilo hulipwa kwa kuuliza, kwa kuchukua kiasi, na kwa kumwambia anayefuata. Hilo la mwisho linatuhusu sisi tulio katikati, akina baba na mama wenye kazi mbili na muda mchache. Jina la mmea likikosa mtu wa kulitamka kwa miaka thelathini hufa, na mmea ukabaki pale pale ukiitwa gugu.

Mnavu unamea vizuri katika ndoo iliyotobolewa chini, kwa udongo safi wa dukani, hata kwenye baraza la ghorofa ya nne. Katika mkutano wetu ujao tunapendekeza kila nyumba yenye mzee imwombe ataje mboga tano za kwao kwa lugha yake, namna ya kuzijua, na namna ya kuzipika, na mjukuu ndiye aandike. Orodha hizo tutazichapa katika matoleo yajayo, jina la mzee likiwa juu yake. Wenye maoni tofauti, hasa wale wanaoona kwamba tumewaonea wauzaji, tuandikieni. Nafasi ipo.